Uso wa Mji na Dhambi ya Ria

Jioni moja ya mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilikaa juu ya ukuta wa bahari pale Forodhani, Unguja, miguu yangu ikining'inia juu ya maji na mgongo wangu nimeupa mji, nikakaa hivyo kitambo kirefu kama akaavyo mtu wa bara aliyeiona bahari mara chache, mpaka mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya benchi la mawe nyuma yangu akanena kwa sauti ya upole: "Mgeni, umekipa kisogo kitu kilichojengwa ili kikutazame." Niligeuka, nikamwamkia, naye akaniitikia, kisha nikakitazama kile alichokiashiria kwa bakora yake. Lilikuwa ni Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, au tuseme sehemu yake iliyosalia: nguzo za chuma zimesimama safu juu ya safu, roshani zimekatika ghafula kama mkate uliomegwa, mnara wa saa haupo tena mahali pake, na mbele ya hayo yote uzio wa mafundi.

"Watoka wapi?" mzee akaniuliza.

"Kiminini, mzee wangu. Ni Kenya, kati ya Kitale na Bungoma."

"Kuna bahari huko?"

"Hakuna. Kuna mahindi, na mlima."

Akafikiri kidogo. "Basi nyumba za kwenu zaangalia wapi?"

Sikuwa na jawabu, nikacheka kwa haya, naye hakunidai. Lakini swali hilo nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo na kuamka nalo, na haya niandikayo ndiyo jawabu nililoshindwa kumpa jioni ile.

Mji wa pwani una uso, na uso huo ni pale mji unapokutana na maji. Kiminini yetu ilikua kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, maduka yakajipanga pande mbili yakitazamana kama watu wawili wanaozungumza, nyuma yao mashamba, nyuma ya mashamba mashamba mengine, wala hakuna awezaye kusema kuwa hapa ndipo mbele ya mji na hapa ndipo nyuma yake. Unguja si hivyo. Unguja ilitazamwa kwanza na mtu aliye chomboni, nahodha aliyeletwa na pepo za kaskazi kutoka Maskati au pwani za Bara Hindi, ambaye kabla hajatia nanga alikuwa ameshapima kwa macho utajiri wa mji, nguvu za mtawala wake, na namna ya mapokezi yatakayomngoja. Jina lenyewe la Forodhani lataja forodha, nyumba ya ushuru, mahali ambapo bidhaa na watu walihesabiwa wakishuka. Ukitembea pwani hiyo leo kutoka Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, ukapita Beit al-Ajaib na kasri la Beit al-Sahil, hata ukaifikia ile Zahanati ya Kale ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizotobolewa kama darizi, utaona kwamba majumba yote makubwa yameelekeza nyuso zao baharini, na vichochoro vyembamba, ambamo maisha yenyewe ya mji hupita, vimejificha migongoni mwao.

Katika mafunzo ya dini ya Kiislamu kuna neno ambalo sisi watu wa bara, hata tulio Wakristo, tulilipokea pamoja na lugha, walakini aghalabu hatukulipokea pamoja na uzito wake. Nalo ni ria. Ria ni kutenda jambo jema ili watu walione. Wanavyuoni wameihesabu kuwa ni shirki ndogo, maana mwenye kuswali ili asifiwe amemweka mtazamaji mahali pa Mola wake, na swala yake, ijapokuwa rukuu na sujudu zake zimetimia, imekuwa ibada ya macho ya jirani. Basi nilipokuwa nimeketi pale, nikilitazama jumba lililoinuliwa tangu msingi hata kilele kwa nia moja ya kuonekana, nilijiuliza kama dhambi hiyo yaweza kukaa ndani ya jiwe kama ikaavyo ndani ya moyo; kama mji unaotumia mali na jasho la watu wake kuupamba uso unaomwelekea mgeni unamfanyia mgeni huyo ukarimu, au unamtumia tu kama kioo cha kujitazamia. Na sidhani kuwa swali hilo ni la mzaha wa wasomi, kwa sababu miji yetu yote ya Afrika Mashariki iliyo kando ya maji, ya bahari na ya maziwa, sasa inashindana kujenga nyuso mpya, na kila uso una gharama yake, na gharama hiyo ina walipaji wake.

Mtu akivifungua vitabu vya dini kwa haraka huenda akadhani hukumu imekwisha kutolewa. Katika Kurani, Nabii Hud anawalaumu watu wa Aad kwa kuinua majengo ya fahari mahali pa juu pasi na haja, kama kwamba wataishi milele. Na katika kitabu cha Mwanzo watu wa nchi ya Shinari wanaanza mnara ili wajipatie jina, nao wanatawanywa. Lakini msomaji mwenye subira hataishia hapo. Imepokewa katika hadithi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume juu ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akihofu kuwa huko ndiko kutakabari, akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri naye hupenda uzuri, na kwamba kiburi ni jambo jingine kabisa: ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na katika hotuba ile ya mlimani iliyomo katika Injili ya Mathayo, yule yule anayeamuru sadaka itolewe kwa siri ndiye aliyetangulia kusema, sura moja tu nyuma, kwamba taa haiwashwi ili ifichwe na kwamba mji uliojengwa mlimani hauna pa kujificha. Nilipokuwa kijana niliona mgongano katika mafundisho hayo, nikamwuliza katekista wetu, akaniambia nisubiri nikue. Nimekua, na sasa naona kwamba dini zote mbili hazikulaani kuonekana. Zinauliza jambo gumu zaidi: mwenye kuonekana anamfanya nini yule anayemtazama? Anampa kitu, au anampunguzia kitu?

Kwa kipimo hicho nataka nimtazame Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, kwa sababu sijui mjenzi mwingine wa pwani yetu ambaye kazi zake zinajibizana hivyo zenyewe kwa zenyewe. Kabla ya kupata kiti alikuwa amepelekwa Bombay kwa kushindana na nduguye Majid, na huko aliona mji wa bandari wa zama mpya, na alichokiona hakikumtoka. Mwaka 1883 alisimamisha Beit al-Ajaib, si jumba la kulala bali la dhifa na taadhima. Ili kufahamu ajabu yake inapasa kujua jinsi Waunguja walivyojenga kabla ya hapo: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu ya kuta boriti za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko una urefu wake na hauzidi, chumba nacho kilikuwa na upana wake na hakikuzidi, hata ukawakuta matajiri wakubwa wakilala katika vyumba virefu vyembamba kama mashua, kwa amri ya mti uliokua matopeni. Nguzo za chuma ziliivunja sheria hiyo ya mkoko. Roshani pana zikalizunguka jumba ghorofa baada ya ghorofa, kumbi zikapanuka, milango mikubwa ikachongwa na kuandikwa maneno ya Kurani, na baadaye likapata umeme na lifti, mambo ambayo husifiwa kuwa lilitangulia nayo Afrika Mashariki yote. Watu ndio waliolipa jina.

Naam, hiyo ndiyo kazi yake iliyoonekana. Lakini Barghash huyo huyo alitoa maji safi katika chemchemi za kaskazini ya mji, upande wa Bububu, akayaleta mjini kwa mifereji na mabomba. Na mji huo, uliokuwa ukinywa maji ya visima vilivyochanganyika na uchafu na kuzikwa kwa kipindupindu mara kwa mara, ukapata kinywaji chema. Hapana nahodha aliyeyaona mabomba hayo kutoka baharini. Hapana msafiri aliyeyapiga picha. Yalipita chini ya ardhi, nyuma ya uso, yakaingia katika vichochoro vile vilivyofichika, na mama aliyejaza mtungi wake huko ndani yamkini hakuwahi kupanda ngazi za jumba lile la ajabu hata siku moja. Nikiyaweka mambo hayo mawili pamoja, jumba na maji, huona vigumu kumhukumu mtu huyu kuwa mwenye ria, kwani mwenye ria hasumbuki na kile kisichoonekana; na huona vigumu pia kumwachilia, kwa sababu ya jambo la tatu ambalo sina budi kulitaja.

Tarehe 5 Juni 1873, akiwa ametishwa na manowari za Waingereza, Barghash alitia sahihi mkataba uliolifunga soko la watumwa la Mkunazini. Lakini soko lilifungwa, utumwa haukufungwa. Kisheria haukufutwa Unguja hata mwaka 1897, na kwa hiyo jumba lilipojengwa mwaka 1883 karafuu zilizolijaza hazina ya Sultani zilikuwa zikichumwa na mikono isiyo huru. Hapo ndipo hukumu yangu husita. Uzuri uliogharimiwa na watu waliokataliwa haki yao haujasalimika na lile neno la pili la hadithi niliyoitaja, kwa sababu kuwadharau watu si lazima kuwe kwa ulimi. Kwaweza kuwa kwa hesabu za shamba. Siwezi kusema jumba ni baya. Nasema kwamba mtu alitazamaye pasi na kuwaona wachumaji wa karafuu ameona uso tu.

Kwa sababu hiyo asubuhi iliyofuata niliiacha pwani nikaenda Mkunazini, ambako kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali pa soko lenyewe. Lilijengwa kwa juhudi za Askofu Edward Steere, mtu yule yule aliyeifanyia lugha yetu kazi kubwa ya sarufi na tafsiri, aliyefariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Humo ndani wageni huonyeshwa nguzo chache zilizosimamishwa juu chini, na kuambiwa kwamba mafundi, ambao hawakuwa wameona nguzo za namna ile, waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha kama zilivyo. Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu za watumwa watano, zilizowekwa mwaka 1998, minyororo ya kweli shingoni mwao. Na mtu akisimama ukingoni yeye huwatazama kutoka juu, ilhali nyuso zao ziko chini ya usawa wa ardhi. Baada ya pwani ile ya majumba yote yaliyoinuka nilihisi kuwa hapa nimeuona ubavu wa mji. Wasimulizi wa mjini husema kwamba Barghash aliwapa Wakristo saa ya mnara wao kwa sharti kwamba mnara usilizidi jumba lake kwa urefu. Ikiwa ni kweli, basi ndani ya zawadi moja mna ukarimu na ria vimefungwa kwa uzi mmoja, na sijui ni nani kati yetu aliyepata kutoa zawadi isiyo na uzi huo.

Sasa nirudi kwetu kidogo. Ukishuka kutoka Kiminini kwa barabara ile ile hata Webuye utakiona kilima cha Chetambe, na juu yake, kwa ajuaye kutazama, mabaki ya boma la Wabukusu. Wazee wetu walijenga maboma ya udongo ambayo kwa Kibukusu huitwa chingoba: ukuta mnene wa udongo umezunguka nyumba zote, nje ya ukuta handaki, na malango machache membamba. Hilo ni jengo lisilotaka kuonekana. Halina uso, lina mgongo tu, nao umeelekea pande zote. Mwaka 1895 msafara wa Waingereza uliotoka Mumias chini ya C. W. Hobley, pamoja na askari na washirika wao wa makabila mengine, ulivunja kwanza boma la Lumboka, kisha ukavunja Chetambe, na watu wengi waliokimbilia ndani ya kuta zile wakauawa humo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za taifa lile lile ziliipiga mizinga pwani ya Unguja, ili kumwondoa Sayyid Khalid bin Barghash katika kiti. Vita havikutimia saa moja, na watu wapatao mia tano wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Kasri la Beit al-Hukm likaanguka, mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika usifae tena, na Beit al-Ajaib likabaki limesimama, kisha likapewa mnara mpya wa saa kifuani pake.

Nimeyatafakari sana mambo hayo mawili yaliyotukia mwaka baada ya mwaka. Waliojificha nyuma ya udongo na waliojionyesha mbele ya bahari walivunjwa na mkono mmoja. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wenzangu wa bara wanaodhani kwamba unyenyekevu wa jengo ni kujificha kwake, na kwamba sisi, kwa kuwa hatukujenga majumba ya fahari, tulikuwa wacha Mungu kuliko watu wa pwani. Boma halikujengwa kwa unyenyekevu. Lilijengwa kwa hofu, na hofu ile ilikuwa na sababu zake za haki. Lakini hofu si taqwa, si ucha Mungu.

Nilipokuwa nikiondoka Dar es Salaam kwa boti siku mbili kabla ya jioni ile ya Forodhani, nilisimama sitahani nikautazama uso wa mji huo mwingine, Kivukoni. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye mapaa ya vigae vyekundu, ambalo Wajerumani walilianza mwaka 1898, na kanisa la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki lililo jirani yake, yalijengwa zamani yawe ndiyo ya kwanza kuonekana na aingiaye bandarini. Leo yamesimama magotini mwa maghorofa ya vioo. Sina chuki na maghorofa hayo. Watu wetu waliyasomea na kuyajenga, na usiku taa zao juu ya maji hupendeza. Lakini nilipokuwa nikitembea chini yao asubuhi ile, nikiwa na mzigo wangu na saa mbili za kungoja, nilitafuta mahali pa kukaa nisipaone, mpaka nilipofika chini ya mti mmoja mkubwa ambapo wauza kahawa na madafu walikuwa wameweka mabenchi yao ya mbao. Kioo humrudishia mpita njia sura yake mwenyewe, wala hakimwambii kama ndani kuna mtu. Lakini nyumba ya kale ya Mji Mkongwe wa Unguja, hata iwe ya tajiri mwenye kiburi, ilikuwa na baraza mbele ya mlango: benchi la jiwe lililoungana na ukuta, la nyumba lakini si la mwenye nyumba peke yake, ambapo mpita njia aliketi akanywa kahawa bila ya kuulizwa ana shughuli gani. Mjenzi wa baraza alikuwa amekata sehemu ya mali yake akaiweka upande wa nje wa mlango.

Jambo hilo nililifahamu vizuri zaidi kwa maneno ya yule mzee wa Forodhani. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na wawili kati ya waliokuwa kazini wakafariki. Jumba lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wengi: baada ya Masultani likawa ofisi za serikali ya Waingereza, baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa chuo cha chama, kisha makumbusho, na hewa ya chumvi, ambayo haichagui serikali, iliendelea kukila chuma chake katika zama zote hizo. Nilimwuliza mzee alihisi nini siku ile. Nilitazamia ataje saa, au historia, au jina la mji duniani, kwani Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Hakutaja hata moja katika hayo.

"Kivuli," akasema. "Tulipokuwa watoto, mvua ikitukuta pwani tulikimbilia chini ya zile roshani. Jua likiwa kali, tulikwenda pale pale. Hapana aliyetufukuza. Mimi nimelilia kivuli, mwanangu."

Wakati huo adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, vijana wa makachu wamejipanga juu ya ukuta wakiruka mmoja mmoja baharini kwa mbio na mizunguko ya kila namna, na umati wa watu ukiwashangilia. Na nyuma yetu, katika bustani iliyotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, wauza urojo na pweza walikuwa wakiwasha taa zao. Mzee alijikongoja kwenda msikitini. Nikabaki nikilitazama jumba, na kwa mara ya kwanza sikuona mahali palipobomoka, niliona upana wa zile roshani zilizosalia, na nikafikiri ni watu wangapi wangeweza kusimama chini yake mvua ikinyesha.

Nyumba za kwetu zaangalia wapi? Bibi yangu, ambaye kwa Kibukusu tulimwita kukhu, alikuwa na nyumba ya udongo karibu na mto, na kila mwezi wa Desemba, na tena Agosti ya mwaka wa jando, ambao kwetu ni mwaka wa shufwa, aliikandika upya kwa ajili ya wageni. Nilikuwa mchukuzi wake wa maji. Aliuchanganya udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe na jivu lililochekechwa, akaukanda kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali wa wimbi, kisha akaupaka kwa kiganja kwa mikono ya nusu duara, kila duara likipanda kidogo juu ya lililotangulia, hata ukuta ukikauka ukaonekana kama magamba ya samaki. Chini, kwenye kitako cha ukuta, alitia mkanda wa udongo mweusi wa mtoni. Juu yake mwekundu. Nami niliona jambo ambalo lilinichosha sana: alianza siku zote kwa ukuta wa nyuma, unaotazama migomba, ambako hakuna mgeni aliyefika, akautia udongo mwingi na mkanda wake mweusi kama kawaida, na ukuta wa mbele ukaachwa hadi jioni, mikono yake imeshachoka na udongo unakaribia kwisha. Nikamwuliza kwa nini asianze mbele panapoonekana.

"Mbele pakiwa pabaya mgeni ataniambia," akasema. "Nyuma hakuna wa kuniambia."

Hakuwa amesikia habari za Barghash wala za mabomba ya Bububu. Lakini naamini kwamba angalimwuliza Sultani swali moja tu, na Sultani, kwa sababu ya maji yale, angalikuwa na neno la kujibu. Na kwa sababu ya mashamba yale ya karafuu angalinyamaza. Na sisi tujengao sasa, mjini kwa vioo na kijijini kwa mawe na mabati ya rangi, sijui tungejibu nini.

Mwaka huu nimekamilisha nyumba yangu ndogo kando ya barabara ya Webuye, nayo inatazama magharibi, upande wa Masaba, mlima ambao ramani huuita Elgon. Kazi ilipokaribia kwisha nilimwambia fundi mwashi anijengee benchi la mawe nje ya geti, limeungana na ukuta wa ua. Alisimama na mwiko mkononi akanitazama.

"Mwalimu, hii itakuwa nje. Itakaliwa na kila mtu."

"Ndiyo."

"Na simiti yote hii?"

"Weka futi sita. Na juu yake utie kipande cha bati, cha mvua."

Akajenga, akalilainisha kwa mwiko vizuri kuliko alivyolainisha sebule, nami nikalimwagia maji asubuhi na jioni ili lisipasuke. Asubuhi ya nne nilifungua geti kabla ya jua, nikamkuta mama mmoja nisiyemjua ameketi hapo, kikapu cha sukuma wiki miguuni pake na mtoto amelala mgongoni, akingoja matatu ya kwenda sokoni Kitale. Aliponiona akataka kuinuka. Nikamwashiria akae. Akakaa, akaendelea kuitazama barabara, na nyumba yangu ameipa kisogo.